Fundi Majivu na Gurudumu Ambalo Hakuliunga

Tunamshukuru Mungu aliyetupa marehemu kwa miaka sabini na minne, na tunawashukuru ninyi nyote mliofika kumsindikiza. Wengine mmekuja kutoka karibu, nyumba ya tatu au ya nne, lakini mlikuwa hamjakanyaga mlangoni pake kwa miaka mingi. Karibuni. Viti vipo.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 17 Aprili 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba aliyesafisha matanuri ya vichwa vya treni na mama aliyefua na kupiga pasi nguo za watu. Baada yake walizaliwa wasichana wawili, wote wakafariki wadogo kwa surua, kisha tarehe 2 Septemba 1958 akazaliwa mdogo wake wa kiume. Mama yao alipenda kusimulia kwamba yule wa kwanza alikaa tumboni mpaka wakunga wakaenda nyumbani kula na kurudi, na yule wa mwisho alitoka kabla maji hayajachemka. Ndiyo maana mdogo aliitwa Chapchap tangu hajaota meno, na jina hilo limemkaa mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Mwalimu wake wa hesabu alisema ana akili nzuri lakini ni mzito kujibu. Marehemu mwenyewe alisema alikuwa hajibu mpaka awe na hakika, na kufikia hapo mwalimu alikuwa ameshamrukia mwingine. Akiwa na miaka kumi, pasi ya mkaa ya mama yake iliangukia sakafuni ikapata ufa. Akaificha, akaukandika ule ufa udongo, akaufunga kwa waya, akairudisha mahali pake akiwa amejaa fahari. Asubuhi yake kaa la moto lilipenya ufani na kutua juu ya shati jeupe la karani wa stesheni. Mama hakumpiga. Alilinyanyua lile shati, akamchungulia mwanawe kupitia kwenye tundu, akasema, "Haya fundi, pasi umeshaiunga. Sasa shati la watu utaliunga na nini?" Marehemu aliisimulia hadithi hiyo hadi uzeeni, na kila mara aliishia kucheka peke yake kabla hajaimaliza.

Baba yao alifariki Juni 1963. Marehemu alifaulu kuendelea na sekondari, barua ikaja, akaisoma mara moja na kuikunja. Mama alikuwa amemwambia, "Mwanangu, mshike mkono mdogo wako, mimi peke yangu sitaweza." Januari 1965 akaanza kazi ya kufagia katika karakana ya reli, na mshahara wake wa kwanza ukanunua viatu vya shule vya Chapchap. Yeye mwenyewe alienda kazini miguu mitupu hadi Pasaka.

Huko karakana ndiko alikojifunza kazi iliyomjengea jina, na hapana budi tuieleze kidogo, maana yaliyompata baadaye hayaeleweki bila hiyo. Kuna chuma kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ndicho mafundi hukiita kasti. Ndicho kilichotumika kutengeneza pasi za zamani, miguu ya cherehani, pampu, bloku za injini. Ni kigumu na kizito, lakini hakina uvumilivu. Nondo ukiipiga inajikunja. Kasti ukiipiga inapasuka. Na ukiichomelea ikiwa ya baridi, ufa unaouziba hapa unazaa mwingine pembeni yake, mara nyingi pasipoonekana. Fundi mkuu aliyemfundisha alimwambia kwamba kasti ni kama mgonjwa, haitaki kushtuliwa, si kwa moto wala kwa baridi.

Basi marehemu hakuishtua. Aliosha chuma kwa mafuta ya taa, akakipangusa, akakipaka vumbi la chaki na kungoja, mpaka mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakajitokeza na kuuchora ufa wote kama kalamu. Alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Alikichoma chuma chote taratibu juu ya mkaa, kisha akauziba ufa kwa shaba, kipande kwa kipande, akigongagonga kwa nyundo ndogo kila hatua. Na alipomaliza alikizika kwenye pipa la majivu ya moto hadi kesho yake, kipoe kwa muda wake. Hapo ndipo alipopewa jina la Fundi Majivu. Dereva mmoja wa lori alipoona injini yake inafukiwa alipiga kelele, "Fundi, unaizika injini yangu?"

"Naizika ifufuke," akamjibu. "Rudi kesho, na uje na sura nyingine."

Kikishatoka majivuni alikining'iniza na kukigonga, akasikiliza. Kikilia sauti safi kama kengele, alikipiga alama ya kiduara kwa chuma kidogo kilichotundikwa kwenye msumari mlangoni. Kikilia sauti butu, alianza upya. Kiduara kile hakikuwa tangazo la biashara. Maana yake ilikuwa kwamba yeye mwenyewe amekisikiliza chuma hicho, na yuko tayari kukijibia mbele ya watu na mbele za Mungu. Alifungua karakana yake Machi 1978, barabara ya nyuma ya soko, na mwaka 1982 akamchukua Chapchap, aliyekuwa ameacha shule na kazi mbili, akamfundisha yote hayo. Chapchap alikuwa na mkono mzuri. Subira ndiyo hakuwa nayo.

Ndoa yake ilikuwa imekwisha kufungwa kabla ya hapo, Jumamosi tarehe 6 Desemba 1975. Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye maneno, na alikutana naye alipomletea kule karakana ya reli mguu wa cherehani uliopasuka. Marehemu aliukagua kimya kwa muda mrefu mno.

"Kaka, nimekuletea mguu uliovunjika, siyo ulimi," dada yule akamwambia. "Sema basi, unaungika au hauungiki?"

"Unaungika. Lakini utakaa hapa hadi Ijumaa."

"Mguu au mimi?"

Marehemu hakujibu mpaka Ijumaa. Alipojibu, alijibu kwa kutuma wazee wawili na shangazi yake. Walijaliwa watoto watatu, na kwa miaka mingi nyumba yao ilikuwa na kelele za nyundo upande mmoja na kelele za cherehani upande mwingine, na watu wakiingia na kutoka. Kanisani alikuwa mtunza vyombo. Ninyi wenyewe mlimchagua.

Sasa tunafika mwaka 1993, ambao wengi wenu mnadhani mnaujua.

Mwanzoni mwa Oktoba mwenye mashine ya kusaga alimletea gurudumu zito la injini, lile linalozunguka kwa kasi ili kuipa mashine nguvu, akilisukuma kwenye mkokoteni. Lilikuwa na ufa. Marehemu aliliosha, akalipaka chaki, wakasimama wote watatu, yeye, Chapchap na mwenye mashine, wakiutazama ufa ukijichora kutoka katikati kuelekea ukingoni.

"Hili kapandie maua," marehemu akasema. "Nunua jingine."

"Fundi Majivu! Umeunga bloku ya lori la watu, leo gurudumu limekushinda?"

"Bloku ikipasuka inamwaga maji. Hili likipasuka litamwaga damu. Kinachozunguka kwa kasi mimi sikiungi, na wala sitaki kuona mtu akikiunga."

"Unaringa siku hizi."

"Haya, naringa. Lichukue gurudumu lako."

Lakini gurudumu halikuchukuliwa, liliachwa hapo pembeni likisubiri mwenyewe alifuate. Kesho yake marehemu alimpeleka mama yao hospitali kwa ajili ya moyo, akalala huko naye. Mwenye mashine akarudi karakana akamkuta Chapchap peke yake. Hatukuwapo, lakini maneno yaliyosemwa tunayajua, kwa sababu Chapchap aliyarudia mwenyewe alipokiri kwa kaka yake, na mke wa marehemu akayasikia akiwa ameshika sinia la chai mlangoni. Chapchap alisema, "Kaka ni mwoga tu. Nipe mpaka saa kumi." Akalichomelea kwa umeme likiwa baridi, bila moto, bila majivu, akalisugua na kulipaka rangi nyeusi. Mwenye mashine akaligeuza huku na huku, akasema, "Bila kiduara wateja wangu hawataniamini." Chapchap akanyoosha mkono msumarini, akakitoa kile chuma kidogo, akapiga alama ya kaka yake.

Jumatatu tarehe 11 Oktoba 1993, asubuhi, kukiwa na foleni ya kina mama na ndoo zao, gurudumu lilipasuka. Kipande kimoja kilitoboa paa. Kingine kilimpiga kifuani msagaji, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuwa ameoa mwaka uliopita. Hakufika hospitali.

Jioni watu walijaa uani kwa mwenye mashine. Marehemu alikuja mbio moja kwa moja kutoka kwa mama yake, hajui lolote ila kwamba mashine imeua. Mwenye mashine alikuwa amesimama juu ya kreti akiwa amekinyanyua kipande cha gurudumu. "Someni wenyewe!" alipaza sauti. "Kiduara cha nani hiki? Nilimwamini mimi, na msagaji wangu alimwamini!" Mtu huyu alijua. Alikuwa ameambiwa kwa kinywa akapandie maua. Yeye naye alikwisha kutangulia, na kesi yake iko mahali ambapo hakuna kreti ya kusimamia.

Marehemu alikichukua kile kipande, akakigeuza. Hakuangalia alama. Aliangalia pale palipoungwa, akaona chuma kilichochomelewa baridi, akautambua mkono, maana yeye ndiye aliyeufundisha. Akainua uso akamtafuta mdogo wake katikati ya watu. Chapchap alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, anatazama viatu vyake. Marehemu akangoja. Mtu mmoja akapiga kelele, "Jibu basi, Majivu, au unataka tukufukie kwanza?" Watu wengine wakacheka, msiba ukiwa bado wa moto. Wapo waliocheka siku ile ambao wako hapa leo.

Marehemu alisema neno moja tu, "Poleni," akaondoka.

Kwa nini hakusema? Familia imelala na swali hilo miaka thelathini. Mama yao alikuwa kitandani, daktari amekataza ashtuliwe, na mke wa Chapchap alikuwa mjamzito. Lakini hayo si yote. Kesho yake, pale karakana, Chapchap alipolia na kukiri, marehemu alimwambia, "Sitakusemea. Mtu amekufa. Neno hili si la kusemewa na mwingine, ni la kutoka kinywani mwako. Nakupa hadi Jumapili, usimame kanisani."

"Nitasimama, kaka."

Jumapili hakusimama. Wala iliyofuata. Kisha mtoto akazaliwa, ikawa subiri mtoto apate nguvu. Kisha ikawa subiri mama. Mama alifariki Februari 1999 akiamini mwanawe mkubwa ndiye aliyeua, na alimsamehe. Fikirini kusamehewa na mama yako kosa ambalo hukulitenda, na kupiga magoti upokee, kwa sababu ukikataa utamuua.

Askari walikuja, wakaandika, wakaondoka, ikaitwa ajali. Mtaa haukuiita ajali. Marehemu alipokwenda kuhani, mjane wa msagaji alimzuia mlangoni akamwuliza, "Umekuja kukagua kazi yako?" Hatumlaumu mama yule hata kidogo. Alikuwa ameambiwa alichoambiwa. Kanisani wazee walimshauri marehemu apumzike utunzaji wa vyombo kwa muda. Muda huo haukwisha, na hakuna aliyerudi kumwambia umekwisha. Watoto wa mtaa walimwimbia njiani kwamba Majivu anazika injini na wenye injini. Wateja wa kasti wakakauka wote. Yule aliyekuwa akifufua injini akawa mchomea vyuma vya madirisha na miguu ya vitanda.

Chapchap alifungua karakana yake ng'ambo ya barabara, ikiwa na kibao kirefu na rangi mbili. Kazi zikamfuata huko, na kasti zikamfuata pia. Na hapa lazima tuseme jambo ambalo wateja wake wengi hamlijui. Zile zilizomshinda alizipitisha kwa mlango wa nyuma, zimefunikwa gunia, akaziweka mbele ya kaka yake. Mke wa marehemu alisimama siku moja akaziba mlango.

"Shemeji, gunia lako rudi nalo. Humu ndani huingii tena."

"Mwache aingie," marehemu akasema kutoka ndani.

"Huyu? Anakula jina lako kwa kijiko, na wewe unamshikia bakuli?"

"Pampu haijanikosea kitu, mama watoto. Ni ya zahanati. Watu wanangoja maji."

Akaiunga, akaizika majivuni, akaigonga na kuisikiliza. Kiduara hakupiga. Tangu siku ile ya kreti hakukipiga tena juu ya kitu chochote. Pampu ya zahanati ilitoka hapo, na ya kanisa pia, hiyo mnayosukuma kila Jumapili mkinawa mikono. Mlimshukuru Chapchap kwenye ibada, mkampigia makofi. Marehemu alikuwa kiti cha nyuma. Alipiga makofi.

Afya yake ilianza kudhoofika mwaka 2016. Moshi wa shaba ulikuwa umekaa mapafuni mwake kwa zaidi ya nusu karne, na daktari aliyetazama picha ya kifua alimwuliza kama amewahi kufanya kazi ndani ya bomba la moshi. Alilazwa mara nne. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ya kifua kwa upole wao. Mwaka wa mwisho hakuweza kulala chali; alikaa kitini na mto kifuani, na mkewe alihamishia cherehani yake chumbani, akashona hapo ili asiwe peke yake.

Chapchap alikuja kumtazama wiki mbili kabla ya mwisho. Alikaa kwenye stuli, mzee wa miaka sitini na mitano, akaanza kulia kabla hajasalimu.

"Kaka, nisamehe. Mimi ndiye niliyeliunga lile gurudumu."

Marehemu alikusanya pumzi. "Mimi unaniambia nini? Mimi nilijua siku ileile. Nilishakusamehe, hilo halina shida. Kamwambie mama yule, mjane wa msagaji."

"Nitaenda."

"Lini?"

"Nitaenda, kaka. Wewe pona kwanza."

"Chapchap," marehemu akamwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina hilo, "kila kitu umekifanya haraka katika maisha yako. Hili moja tu ndilo umeliwekea subira."

Jioni ile mkewe alimwuliza jambo ambalo wake wengi huogopa kuuliza. "Nikikuzika, wasome nini?" Akajibu kwamba wasome kazi zake, wasiongeze chumvi. Kisha akasema, "Na ile ambayo si yangu msiiandike kuwa yangu." Miaka yote alikuwa amemkataza mkewe asifungue mdomo. Kwa maneno hayo alimfungulia, na ndiyo maana mmesikia mliyoyasikia.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa tisa alasiri, kitini pake, mkewe akiwa anatia uzi kwenye sindano. Alisema, "Punguza mwanga," mkewe akasimama kwenda dirishani, na aliporudi alikuwa ameshakwenda.

Baada ya hapo familia ilimwendea Chapchap na kumwomba asome wasifu huu yeye mwenyewe. Alisema, "Tumzike kwanza." Basi unasomwa bila yeye, lakini hakuna neno ndani yake ambalo hajaonyeshwa. Aliusoma wote, akaturudishia karatasi, hakufuta mstari hata mmoja. Hilo tumelihesabu kuwa ni kitu, ingawa kwa aliyelala hapa ni kidogo, na kimechelewa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, kijana mmoja wa kiume, wajukuu saba, na mdogo wake wa pekee.

Mjane wa msagaji tulimfuata nyumbani kwake tukamwomba aje, bila kumweleza sababu, naye kwa wema wake amekubali. Amewekewa kiti mstari wa kwanza. Katika ratiba mliyoshika, kati ya wasifu huu na sala ya kushusha jeneza, ipo nafasi ya mdogo wa marehemu. Hatukuandika muda. Anaweza kusimama, anaweza kubaki amekaa. Sisi tumekwisha kusema yaliyo yetu, na lake hatutamsemea, kama kaka yake alivyokataa kumsemea.

Ee Mungu, mpe fundi wetu pumziko lake leo hii. Asilingojee tena kinywani mwa mtu yeyote. Amina.